Nilikaribishwa Michembe Buzwagi

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa gari moshi, akiukusudia mji wa Kahama, hana budi kushuka katika stesheni ya Isaka. Tawi hilo la Reli ya Kati, linaloanzia Tabora, lilifika Mwanza mwaka 1928. Kutoka Isaka safari huendelea kwa barabara, ile ile ipitwayo na malori ya shehena yaendayo Rwanda na Burundi. Nilifika mwezi wa Julai, kiangazi kimekwisha kushika. Mpunga ulikuwa umevunwa, na katika majaruba walibaki ng'ombe wakitafuna mabua.

Nilikuwa na shughuli za gazeti mjini Kahama. Lakini ndani ya mkoba wangu mlikuwamo pia kitenge na bahasha, amana ya rafiki yangu niliyesoma naye shule ya sekondari ya bweni. Aliniomba nimfikishie mama yake mzazi, akaaye Buzwagi.

Jina la Buzwagi limevuma kwa sababu ya dhahabu. Mgodi mkubwa ulianza kuzalisha hapo mwaka 2009, na uzalishaji ukafikia kikomo mwaka 2021. Nami, kama wengi tukaao mijini, kila nilipolisikia jina hilo niliwaza mashimo na mitambo. Sikuwaza kabisa kwamba kuna watu wanaolima, wanaofuga na wanaopika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ndiye uliyekuwa ukisoma na kijana wangu?"

Nikaitikia kuwa ndiye. Alinikalisha kwenye kigoda chini ya mti, akaniletea maji ya kunawa, kisha akaniletea uji wa ulezi uliotiwa ukwaju. Uchachu ule, baada ya vumbi la njiani, uliniburudisha kuliko soda yoyote niliyopata kuinywa.

Jioni ilipoingia tuliandaliwa ugali wa mtama, maziwa ya mgando yaliyomiminwa kutoka katika kibuyu, na nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa kisha yakapikwa kwa karanga zilizotwangwa. Tulikula wanaume pamoja, kutoka chombo kimoja, na mzee wa nyumba ndiye aliyetangulia kumega. Mgando wa huko ni mzito. Mgeni akidhani kwamba ni kinywaji cha kusindikizia chakula hujidanganya, kwa maana wenyewe huutumia kuwa ni kitoweo kamili.

Asubuhi yake ndipo ilipoletwa sahani ya michembe na kikombe cha chai.

Ndugu msomaji, huenda huifahamu michembe. Ni viazi vitamu vilivyomenywa vikiwa vibichi, vikakatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani hadi vikauke kabisa. Vikitakiwa kuliwa huoshwa na kuchemshwa, na aghalabu huliwa pamoja na karanga au maziwa. Nduguye michembe ni matobolwa. Hayo huchemshwa kwanza, kisha ndipo yakakatwa na kuanikwa, nayo huweza kutafunwa hivyo hivyo yalivyo.

Nilimwuliza mama kwa nini wasiviache viazi ardhini na kuvichimba kidogo kidogo. Alicheka. Akanieleza kwamba mvua zikiisha, udongo hukauka na kupasuka, na fukusi hupitia katika nyufa hizo na kuvishambulia viazi. Kiazi kibichi kilichochimbwa nacho hakikai muda mrefu. Lakini kikishaondolewa maji yote, ukungu hauna pa kuota, na chakula huweza kungoja miezi mingi mahali pakavu. Kwa njia hiyo familia za Wasukuma, Wasumbwa na Wanyamwezi zimeivuka miaka mingi ya mvua haba. Wahenga walinena kwamba akiba haiozi, na hapa akiba yenyewe niliiona kwa macho, imeanikwa juu ya mkeka.

"Kijana wangu alikuwa akiipenda mno," akasema mama. "Kila muhula nilimfungia kiroba akaenda nacho shuleni. Halafu siku moja akaniambia, 'Mama, usihangaike tena, chakula cha shule kinatosha.' Nikashangaa. Mpaka leo sijui kilichomsibu."

Mimi nilijua. Mimi, mtoto wa Tanga niliyezoea nazi na samaki, ndiye niliyekuwa wa kwanza bwenini kukiita kile kiroba "mfuko wa kuni". Wenzangu walicheka, nami nikaona nimepata sifa. Kila alipochemsha michembe yake tulimwuliza kama moto umekolea. Muhula uliofuata alikuja bila kiroba. Usiku, wenye biskuti walikula biskuti, naye akalala.

Michembe ilinikwama kooni. Nilikunywa chai, nikanyamaza kitambo, kisha nikamweleza mama yote bila kuficha. Hakukasirika, wala hakuniambia kwamba si neno. Alitazama chini, akakusanya maganda ya karanga katika kiganja chake, akasema, "Kumbe alikuwa akilala na njaa." Basi. Hakuongeza neno jingine kuhusu jambo hilo, nami nisingeweza kupewa adhabu iliyo kubwa zaidi.

Baada ya safari hiyo nimesoma kidogo juu ya viazi vitamu, na niliyoyakuta yamenitia haya zaidi. Huko Japani, katika mkoa wa Ibaraki, viazi vitamu hupikwa kwa mvuke, humenywa, hukatwa vipande na kukaushwa. Huviita hoshi-imo. Kwa hakika ni matobolwa yale yale! Wajapani wana desturi kwamba msafiri akirejea kwao huwaletea jamaa na wafanyakazi wenziwe chakula kilichoupa sifa mkoa aliotembelea, na viazi hivyo, vikiisha kufungwa kwa unadhifu, ni miongoni mwa zawadi hizo. Wao nao hawakuanza kwa anasa. Baada ya njaa kuu ya mwaka 1732, mwanachuoni Aoki Konyo alihimiza kilimo cha zao hilo ili watu wasife njaa tena. Wajukuu wa wale walionusurika hawakukionea haya chakula kilichowavusha.

Sisi tunaviona viazi vilivyokaushwa kuwa ni chakula cha dhiki, na mtoto anayekula hivyo tunamcheka. Tukumbuke kwamba mwaka 2016 Zawadi ya Chakula ya Dunia ilitolewa kwa wataalamu wanne, na watatu kati yao, akiwamo Robert Mwanga wa Uganda, waliitunukiwa kwa kazi yao juu ya viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa, ambavyo huwapatia watoto vitamini A. Mama mwenye viazi vya namna hiyo, akitaka kuvikausha, afadhali aviweke kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali hupunguza vitamini hiyo.

Wakati wa kuagana, mama alinifungia viroba viwili. "Hiki chako," akasema, "na hiki mpelekee mwenzako. Mwambie mama yake amekwisha kuambiwa."

Nilimkabidhi rafiki yangu kiroba chake jioni ya siku niliyorudi Dar es Salaam, nikarudia maneno ya mama yake, kisha nikamwomba radhi kwa jambo ambalo hatukuwahi kulitaja kwa karibu miaka ishirini. Alifungua kamba, akanusa, akamwita mkewe ateleke sufuria. Watoto wake walikuja kutazama. Mdogo wao aliuliza kama vile ni vipande vya mbao.

Rafiki yangu alinitupia jicho. Nami nikamvuta mtoto karibu, nikaanza kumweleza tangu kiazi kinapochimbwa.