Binti Farao Alinishinda Adabu

Leo sihubiri, natubu.

Miaka kadhaa iliyopita tuliishi ploti moja na mama mmoja anayeuza mboga, mshirika wetu kanisani. Kila Ijumaa ya kesha, mimi na mke wangu tulimwachia watoto wetu wawili. Mara ya kwanza tulimwomba. Baadaye hatukuomba tena, tulibisha tu mlango: "Dada, tunaenda kazi ya Mungu." Akawa anawapokea. Nani angemkatalia pastor?

Ijumaa moja usiku mdogo wetu alishikwa na homa kali. Yule mama alitupigia simu mara nyingi, hatukushika. Nilikuwa mbele ya kanisa nikiwaombea watoto wa watu wengine. Akawaacha wake kwa jirani, akambeba wangu mgongoni, akapanda bodaboda hadi zahanati na kulipa kutoka mfukoni mwake. Huko aliulizwa kama kuna dawa ambayo humdhuru mtoto. Hakujua. Hatukuwahi kumwambia.

Asubuhi nilimwambia, "Mungu akubariki sana, dada." Nikachukua watoto, nikaenda kulala.

Jumatatu meza yake haikuwa na mboga. Mke wangu alimuuliza kama ni mgonjwa. Akasema hapana, ni pesa ya kwenda sokoni tu haikutosha. Hapo ndipo nilielewa ni nani aliyelipia kesha letu.

Wiki hiyo nilisoma Kutoka sura ya 2. Binti Farao hakuwa mtu wa agano. Alipompata Musa kando ya mto, alihitaji mtu wa kumnyonyesha. Waebrania walikuwa watumwa, angeweza kuamuru tu na kazi ifanywe bure. Lakini alisema wazi anachotaka, na papo hapo akaahidi kulipa. Hata hakujua kwamba anamlipa mama mzazi wa mtoto. Mimi niliyeokoka nilikuwa nalipa kwa "Mungu akubariki."

Tulimwendea tukiwa na pesa yake, tukaomba msamaha. Akacheka kidogo, kisha akasema, "Pastor, shida si pesa. Shida ni kwamba mliacha kuniuliza."

Wapendwa, simaanishi tuanze kulipana. Jirani anayekuangalilia mtoto si yaya wako, na ndiyo maana anahitaji heshima zaidi. Muulize kila mara, na umuulize kwa njia ambayo anaweza kusema hapana bila kuogopa. Ukisema utarudi saa kumi, rudi saa kumi. Ukichelewa, piga simu kabla yeye hajakupigia. Mwachie chakula cha mtoto, nepi, dawa na pesa kidogo ya dharura. Mwambie mtoto wako ana shida gani ya kiafya. Simu yako iwe na sauti, hata kanisani. Akikuambia mtoto amevunja kikombe, usianze kumtetea mtoto, nunua kikombe. Halafu shika zamu yako: mwambie na yeye alete wake.

Na wewe unayeachiwa, kama huwezi, sema huwezi. Hiyo si dhambi. Ukikubali, usitangaze kwa ploti nzima kwamba mtoto wa fulani alikuja na njaa.

Siku hizi yule mama akienda sokoni alfajiri, watoto wake hunywa chai kwangu. Mimi ndiye nawapeleka shule. Nimegundua hiyo pia ni huduma, ingawa haina kipaza sauti.

Baba, tusamehe pale tulipokutumikia kwa mgongo wa mtu mwingine na hatukumuuliza. Tufundishe kubeba mizigo ya wenzetu kama wanavyobeba yetu. Katika jina la Yesu.

Kuna mtu aliyekuangalilia mtoto mwezi huu. Kabla hujasema Amina, mpigie simu kwanza.