Njia za Karura

Jumatatu, 8 Januari 2024

Leo imetimia miaka 25 tangu mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake wapigwe katika msitu wa Karura, Nairobi. Walikuja na miche ya kupanda, wakakuta kundi la wanaume waliokodiwa wakiwasubiri na marungu, mijeledi na mawe. Mama Wangari alipasuliwa kichwa. Alipofika kituo cha polisi cha Muthaiga kuandikisha taarifa, alitia sahihi kwa alama ya X aliyoichora kwa damu yake mwenyewe. Karura imekuwa msitu wa serikali tangu 1932, lakini kufikia 1998 vipande vyake vilikuwa vimegawiwa watu binafsi kimyakimya. Hekta zaidi ya 1,000 katikati ya Runda, Gigiri na Muthaiga. Anayejua bei ya ploti Nairobi hahitaji maelezo. Wanafunzi wa vyuo vikuu nao waliingia barabarani. Tarehe 16 Agosti 1999 Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Jambo ninalotaka kuliandika leo ni lile lililofuata, ambalo halitajwi sana. Msitu uliokolewa, kisha ukabaki mtupu. Kwa miaka kumi hivi, sisi tulioishi kando yake tuliuzunguka. Majambazi walijificha humo, maiti zilitupwa humo, na mama akimtuma mtoto dukani alimwonya asikate njia ya msituni. Wakataji wa miti usiku hawakuwa na wa kuwaona. Mabadiliko yalianza pale Sheria ya Misitu ya 2005 ilipowapa wananchi nafasi ya kusimamia misitu pamoja na Huduma ya Misitu, na Marafiki wa Karura wakajipanga, wakachangisha fedha za uzio wa umeme, na vijana wa Huruma, mtaa ulio ukingoni pale, wakaajiriwa kuwa skauti. Baadhi yao walikuwa wakiujua msitu huo kwa kuchoma makaa.

Watu wakarudi. Kwangu mimi hao ndio ulinzi wenyewe. Atakayethubutu kuugusa Karura tena atakutana na kila mzazi ambaye mwanawe alijifunzia baiskeli humo.

Jumapili, 21 Januari

Umati. Kina mama wa chama wamekaa kwenye nyasi na masufuria ya pilau, wakimbiaji wanapita na jasho, bibi mmoja mwenye bakora anasukumwa kwa upole na mjukuu kuelekea maporomoko ya maji. Mbega wameshuka karibu na njia. Hawa waliletwa kutoka Kipipiri, ambako walikosana na wakulima, na hapa wamezaana.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua za masika zinakaribia, kwa hiyo leo tumetengeneza njia. Wengi wanadhani njia ya msituni hujitunza yenyewe. Udongo wetu mwekundu, ukishakanyagwa na maelfu ya viatu na magurudumu, unashikamana hadi haunywi maji tena. Maji yanashuka na njia, yanachimba, panakuwa na dimbwi. Anayefuata hataki kuchafua viatu, anapita pembeni. Wa nyuma yake anapita pembeni zaidi. Mahali ambapo mwaka jana palikuwa na kijia cha hatua mbili leo nimepapima kwa miguu, hatua saba, na katikati miche ya mihugu iliyoota yenyewe imelala chini imevunjika shingo.

Dawa ni mtaro mfupi unaokata njia kwa mshazari, kina cha kiganja, mdomo wake ukielekea vichakani. Mzee wa Huruma tuliyekuwa naye alinisimamisha nilipoanza kuuchimba kule bondeni.

“Mwalimu, hapo umechelewa. Maji yakishapata nguvu hayasikii. Yapunguze kule juu, yakiwa bado madogo.”

“Haya, Mzee.”

Tukapanda na sururu zetu, tukachimba mitaro kule juu, na vipande vya magogo ya mkaratusi tukavipigilia kwenye kingo. Madimbwi tumeyajaza kokoto ili watu wapite katikati. Kibao cha kukataza hakisaidii. Mtu hupita palipo pakavu.

Wakati wa chai Mzee alisema wajukuu zake wanne hawajaingia kwa lango tangu Krismasi. Ada ya kuingia ni ndogo kwa anayeshuka kwenye gari. Kwa familia inayokuja kwa miguu kutoka mtaa wa Githogoro ni unga wa jioni. Naamini ada inahitajika, skauti lazima walipwe. Lakini watoto wanaoishi ukingoni mwa msitu wanapaswa kuingia bure, angalau siku moja kwa juma. Nitaandika barua kuhusu hilo.

Jumapili, 28 Aprili

Sikwenda msituni. Mtaa wa Mathare umefurika tangu Jumatano, watu wamekufa, shule yetu imepokea familia zilizokosa makao.

Ijumaa, 10 Mei

Sikukuu ya kitaifa ya kuwakumbuka waliokufa kwa mafuriko na kupanda miti. Njia bado zina matope, ila mitaro ya juu imeshika. Ile ya bonde, ambayo wengine waliichimba baadaye, imezolewa yote.

Tumepanda mihugu, mutamaiyo na muthiga mahali palipoondolewa mikaratusi, miti ya kigeni inayokunywa maji kupita kiasi. Muhugu hukua polepole mno, na wachongaji wa vinyago waliupenda hadi ukawa adimu. Tumechimba mashimo ya futi mbili, udongo wa juu ukirudi kwanza, mche ukisimama bila mfuko. Jirani yangu alikuwa anapanda mche pamoja na mfuko wake wa plastiki; nimemwonyesha.

Serikali inataka miti bilioni 15 kufikia 2032. Ninachokiogopa ni Julai: baridi kavu, lantana imefunika miche, na waliopiga picha leo hawapo. Nimejiandikisha kupalilia kipande cha upande wa Kiambu Road hadi Desemba. Wanafunzi wangu wa Gredi ya Sita watakuja Juni na majembe yao. Barua ya ada haijajibiwa. Jumatatu naipeleka kwa mkono.