Tela la Boti na Mahari Yangu



Leo tuweke hina na asumini pembeni, tuzungumzie chuma. Najua mtacheka. Lakini ukiolewa na mtu anayekula baharini, kama mimi, utajikuta unajua mambo ambayo somo wako hakuyataja.

Mume wangu ana boti ya faiba. Alinunua tela lililotumika, la kuipandishia nchi kavu na kuipeleka kwa mafundi. Kwa nje lilikuwa linang'aa, rangi mpya ya buluu. Aliyemuuzia hakutaja aibu yoyote, ingawa dini yetu inamtaka muuzaji aibainishe aibu ya kitu chake kabla ya kupokea pesa.

Fundi wa kuchomelea alipokuja hakuitazama rangi. Alichukua nyundo akawa anagonga, mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinatoa sauti butu. Karibu na ekseli nyundo ikatoboa.

"Shemegi," akaniambia, "haya mabomba ya mraba yana uwazi. Maji ya chumvi yakiingia hayana pa kutokea, kutu inaanzia ndani. Ukibandika bati juu yake, moto utatoboa zaidi. Kilichooza kikatwe."

Mume wangu alitaka apige rangi tena, avuke msimu wa kaskazi. Mimi nikawaza njia ya kutoka pwani. Boti ikipita juu ya tela, watoto wa mtaa hukimbia nyuma wakishangilia. Ekseli ikichomoka pale, haichagui mtoto wa nani.

Pesa hakuwa nayo. Mimi nilikuwa nazo shilingi 600,000, sehemu ya mahari yangu. Nikamwambia nitatoa, lakini kwa mkopo, tuandike, na mashahidi wawepo.

Mama mkwe alinuna. "Mwanangu, tangu lini mke akamdai mume?"

"Mama, simdai kwa ubaya," nilimjibu. "Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inatuamrisha kuandika deni. Haikuwatoa mke na mume."

Akanyamaza. Mahari ni mali ya mke. Aya ya 4 ya Suratun Nisaa inamhalalishia mume kile tu ambacho mke amekitoa kwa ridhaa yake. Na anayetoa kwa sababu anaona haya kukataa, huyo hajaridhia. Jioni mume wangu mwenyewe alileta kalamu. Baba yangu na kaka yake wakatia saini.

Kazi ilichukua siku nne. Fundi alikata sehemu iliyooza, akaweka bomba jipya, kisha akachomelea vibati vinene pande zote mbili za maungio, ncha zake zimekatwa mshazari ili uzito usiangukie mstari mmoja. Chini ya bomba akaacha matundu ya kutolea maji. Beringi zilipofunguliwa, grisi ilikuwa nyeupe kama maziwa, dalili kwamba maji yameingia. Zikabadilishwa, pamoja na sili zake.

Siku hizi tela likifika pwani tunasubiri magurudumu yapoe kwanza. Yakitumbukizwa yakiwa ya moto, hewa ya ndani hunywea ghafla na kuvuta maji ya bahari. Likitoka, tunalisuuza kwa maji baridi, ndani ya mabomba pia.

Deni limebaki shilingi 150,000. Kila akilipa, anaweka alama kwenye karatasi, na hatujawahi kugombana kwa ajili yake. Mwezi uliopita mama mkwe alikuja na daftari. Amemkopesha mpwa wake pesa yake ya mwani, anataka nimwandikie karatasi kama ile.

Basi mdogo wangu unayeolewa, ukitaka kumsaidia mumeo kwa mahari yako, msaidie, una malipo kwa Allah. Lakini uamue kabla hujafungua mkoba: hii ni zawadi au ni deni? Ikiwa zawadi, usiitaje tena. Ikiwa deni, liandikeni siku ile ile, mkiwa bado mnacheka pamoja.