Hiyo "Semi-Pamanenti" Ina Miaka 600

Kuna neno moja hapa Kenya linaniudhi sana: semi-pamanenti. Ukisikia mtu anaishi kwa nyumba ya semi-pamanenti unajua ni mbao na mabati, na unajua pia vile watu watamwangalia. Pamanenti ni mawe. Mbao ni ya kungojea pesa.

Sasa wacha niwaonyeshe mbao nyingine. Kama una mtu wako aliyewahi kuruka kutoka JKIA hadi London, pengine alitua Heathrow. Kaskazini tu mwa huo uwanja kuna kijiji kinaitwa Harmondsworth, na hapo kuna ghala la nafaka lililojengwa mwaka wa 1426 na 1427. Mimi sijafika. Nimelitazama kwa video hadi bando zikaisha. Lina urefu wa karibu mita 58, fremu yote ni mbao ya mwaloni, na nyingi sana ya hizo mbao ni zile zile za kwanza. Watu wa shamba walikuwa bado wanalitumia hadi miaka ya 1970. Ndani limekaa kama kanisa: njia pana katikati, safu mbili za nguzo nene, halafu mapembeni huku na huku. Mshairi John Betjeman aliliita kanisa kuu la Middlesex, na ukiona picha hutabishana naye.

Mimi nilisomea ujenzi chuoni mwaka mmoja na nusu kabla karo inishinde, na kwa huo muda wote sikufundishwa hata kiungo kimoja cha mbao. Ilikuwa saruji na chuma, chuma na saruji. Ndiyo maana hili ghala lilinishika. Wale mafundi hawakushikanisha fremu na misumari ya chuma. Ncha ya mbao moja wanaichonga kama ulimi, nyingine wanaitoboa tundu, ulimi unaingia, halafu wanapigilia kijiti cha mwaloni kupita katikati. Mwaloni ulichongwa ukiwa bado mbichi, kwa hivyo ukikauka unajikaza wenyewe. Na nguzo hazikuzikwa ardhini. Kila nguzo kubwa imekaa juu ya jiwe, ili unyevu wa udongo usipande. Hiyo tu, wasee. Kinachoua mbao ni maji na udongo, miaka hata haina shida. Juu paa zuri, chini jiwe, katikati hewa ipite, kwa sababu nafaka nayo ikikosa hewa inaoza.

Nisiwachore kama hadithi tamu lakini. Ngano iliyojaa humo haikuwa ya waliolima. Shamba lilikuwa mali ya Winchester College, shule ya kifahari ambayo hata Rishi Sunak alisoma, na mapato ya mashamba kama hayo ndiyo yaliendesha shule. Yaani kuna watoto walisoma kwa jasho la wakulima wa Harmondsworth. Sisi wa kufukuzwa karo tuliposikia hiyo tulicheka kidogo.

Na hata wenyewe Waingereza walikaribia kulipoteza. Mwaka wa 2006 liliuzwa kwa pauni 1, ndiyo, moja, wakati mipango ya kupanua Heathrow ilikuwa inakitisha kijiji kizima. Likakaa likizeeka vibaya hadi 2012, English Heritage walipolinunua kwa pauni 20,000. Ghala la miaka karibu 600 kwa bei ya gari la mitumba! Na hiyo hadithi ya njia mpya ya ndege bado haijaisha.

Mbona nasumbuka na ghala la Wazungu? Kwa sababu ya nyumba ya guka yangu, Elburgon. Elburgon ni mji wa mbao, kila mtu huko ana binamu aliyefanya kazi ya kupasua magogo. Guka alijenga kwa nguzo za mtarakwa, na akaziweka juu ya mawe, bila kusoma habari za Harmondsworth. Anko anataka ibomolewe. Ana sababu: binti yake anaolewa, wakwe watakuja, na hataki wakaribishwe kwa nyumba ya mbao. Hiyo aibu ni ya kweli, siwezi kumcheka. Michango ya mawe imeshaanza na jina langu liko kwa listi.

Lakini nilizunguka hiyo nyumba na kisu, nikidunga. Mbao za chini upande wa jikoni zimeoza, kwa sababu maji ya paa yanamwagikia hapo. Kona moja imelala. Nguzo zote za mtarakwa, kisu hakiingii. Shosho alikuwa amekaa mlangoni akiniangalia, akaniuliza kama nimeanza kuwa daktari wa nyumba.

Mchango wangu sijatuma. Nimemwomba anko alete fundi wa mbao kabla ya kuleta wa mawe, halafu tupande darini pamoja, yeye na mimi, tuangalie.