Hesabu Kuanzia Saa ya Kung'oa Nanga

Mbololo, Taita Taveta

Mpwa wangu mpendwa,

Mvua za vuli huku mlimani zimeanza vizuri na mahindi yameshachomoza. Mama yako amenionyesha ujumbe wako, kwamba wewe na mumeo mnataka kumpeleka Dubai mkapande meli ya kitalii, mlale baharini usiku saba. Nimefurahi kwa dhati. Dada yangu amewalea kwa jembe na hajawahi kulala juu ya maji hata usiku mmoja. Na kwa kuwa mimi nilistaafu nikiwa karani wa wakala wa meli pale Kilindini, orodha za abiria na pasipoti zao zikipita mikononi mwangu, nimeona nikuandikie kabla hujatoa hata shilingi.

Tangazo ulilomtumia limeanza na bei. Wewe anza na saa ambayo meli inang'oa nanga, kisha uhesabu kurudi nyuma hadi leo. Ndege ikikuacha kuna ya kesho. Meli ikikuacha, safari nzima imekwenda, na pesa hazirudishwi.

Nakueleza nililoliona. Chini ya ngazi ya meli husimama baharia na mashine ndogo. Kila abiria anayeshuka au kupanda, kadi yake hupitishwa hapo. Saa ya mwisho ya kupanda ikitimia, mashine inaonyesha nani hayupo. Majina hutangazwa meli nzima, chumba hupigwa hodi, na wasipopatikana, pasipoti zao hutafutwa, zikatiwa kwenye bahasha na kukabidhiwa wakala aliye gatini. Kisha ngazi inapandishwa. Nimewahi kusimama na bahasha kama hiyo mkononi, meli imeshageuza pua kuelekea mlango wa Likoni, ndipo teksi ya wenyewe inaingia getini na vinyago vimejaa kiti cha nyuma. Hakuna wa kumlilia wakati huo. Rubani wa bandari ameshapanda, na gati la bandari inayofuata limeshawekewa saa yake.

Usidhani ni mambo ya zamani. Mwezi Machi 2024 meli ya Norwegian Dawn iliwaacha abiria wanane kisiwani São Tomé kwa sababu matembezi waliyojipangia wenyewe yalichelewa kurudi. Walihangaika nchi hadi nchi, mpaka baadhi yao wakaidaka meli Dakar, Senegal. Kwa hiyo mkishuka bandarini na mnataka kwenda mbali, nendeni na matembezi yanayoandaliwa na meli yenyewe, hata kama ni ghali. Hayo yakichelewa, kwa kawaida meli huyangoja. Mkienda wenyewe, msiende mbali, na mrudi saa mbili kabla ya saa ya mwisho ya kupanda. Tena mfuate saa ya melini, maana saa ya mjini huenda ikatofautiana nayo.

Sasa turudi nyuma. Fikeni Dubai siku moja kabla ya meli kuondoka, mlale huko. Kuruka siku ileile ili kuokoa pesa za hoteli ni kuiweka safari yote rehani. Tangu Januari 2024 flydubai wanatua Mombasa, kwa hiyo mama yako hana haja ya kupanda hadi Nairobi mliko. Nyinyi ndio mshuke mumfuate huku. Kutoka Voi mkitumia barabara, kumbukeni malori ya Mariakani, jinsi yanavyoweza kuwafunga hapo nusu ya siku. Mkitaka treni, tiketi mnakata kwa simu, lakini hakikisheni ni ile inayosimama Voi, maana si zote zinazosimama, na likizo zikikaribia viti huisha mapema. Kituo cha Miritini hakiko mbali na uwanja wa ndege wa Moi.

Nyuma ya hapo kuna karatasi, na hapa ndipo nina wasiwasi zaidi. Wewe na mumeo mna pasipoti. Itazameni tarehe ya mwisho, maana meli na nchi nyingi hutaka iwe na uhai wa miezi sita baada ya safari. Mama yako hana. Yeye, kama sisi wengi wa rika letu, alizaliwa nyumbani, na tarehe iliyo kwenye kitambulisho chake ilikadiriwa na karani. Bila cheti cha kuzaliwa maombi ya pasipoti kwenye eCitizen hayaendi mbali. Kwa hiyo cheti kianze kushughulikiwa wiki hii, na herufi za jina lake zilingane kila mahali: kitambulisho, cheti, pasipoti, tiketi ya ndege na ya meli. Baada ya hapo atahitajika kwenda Mombasa, Uhamiaji, kuchukuliwa alama za vidole. Nitampeleka mimi. Usilipie meli kwa jina la mtu ambaye bado hana pasipoti.

Viza nayo ina mtego. Meli za Ghuba nyingi hutoka Dubai, zikapita Doha au Muscat, kisha zikarudi Dubai. Ukishatoka Imarati ukarudi, umeingia mara mbili. Viza ya kuingia mara moja inaweza kukuacha umekwama bandarini. Muulize wakala wa safari kwa maandishi, bandari kwa bandari: Mkenya anahitaji nini hapa? Jibu likija kwa mdomo tu, halijaja. Muulize pia juu ya kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo. Sindano hiyo hutosha kwa maisha, ila huhesabiwa kuanzia siku ya kumi baada ya kuchomwa.

Mwezi. Umetaja Desemba. Nakuomba usogeze hadi Februari. Meli hizo hukaa Ghuba kuanzia Novemba hadi Machi hivi, kabla joto halijawa kali, lakini Krismasi na mwaka mpya bei hupanda sana. Na kuna jambo usilolikumbuka ukiwa Nairobi: Desemba mahindi yako shambani na ndovu wa Tsavo wanashuka usiku. Dada yangu hataondoka. Akiondoka, mwili utakuwa melini na roho iko huku akisikiliza kama madebe ya kufukuza ndovu yanapigwa. Februari mavuno yatakuwa ghalani. Tazameni tu mwezi wa Ramadhani umeangukia wapi, kwa kuwa saa za maduka na mikahawa nchi kavu hubadilika.

Kuhusu pesa, bei ya tangazo ni ya mtu mmoja, wakilala wawili chumbani. Mama akilala peke yake, mara nyingi atalipishwa karibu vitanda viwili. Uliza chumba cha watu watatu. Halafu kuna bakshishi ya wahudumu, ambayo kampuni nyingi huikata kila siku kwa kila mtu. Chukua mfano wa dola 12: watu watatu kwa usiku saba ni dola 252, yaani zaidi ya shilingi 32,000, na bado hujanunua soda. Chakula cha ukumbi mkuu kimo kwenye bei. Vinywaji, intaneti na matembezi kwa kawaida havimo. Simu zenu zizimwe mtandao mara meli ikitoka bandarini, kwa sababu hujiunga zenyewe na mtandao wa setilaiti wa meli, na bili yake inaweza kumtoa mtu machozi. Msikopee safari hii. Kama chama chenu hakijatimiza, ngojeni msimu mwingine.

Wakala unayemlipa awe na leseni ya Tourism Regulatory Authority, na ukimkuta kwenye orodha ya wanachama wa KATA, chama cha mawakala wa safari, ni vizuri zaidi. Lipa kwa akaunti au till yenye jina la kampuni, kamwe si kwa namba ya simu ya mtu. Baada ya arubuni, dai namba ya nafasi yenu, kisha uithibitishe mwenyewe kwa kampuni ya meli. Soma masharti ya kughairi kabla ya kulipa: kadiri tarehe inavyokaribia, ndivyo kinachorudishwa kinavyopungua hadi sifuri. Nunua bima inayolipia matibabu baharini na kusafirishwa mgonjwa, na umtaje wazi mama yako na presha yake.

Chumba chake kiwe katikati ya meli, ghorofa za chini, ambako mtikisiko ni mdogo. Roshani ni nzuri kwa picha, lakini huwa juu na bei yake ni kubwa. Na kabla ya yote hayo, mpelekeni Shimoni siku moja, mpande mashua hadi Wasini. Nusu siku majini itawaonyesha kama tumbo lake linapatana na bahari, na mtajua hilo kabla ya kulipa.

Dawa zake zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na barua ya daktari. Mizigo mikubwa huchukuliwa gatini na huweza kufika chumbani jioni. Wala msikubali kubebeshwa kifurushi cha mtu. Huku kwetu tulibishana juu ya muguka, aina ya miraa, mwaka 2024, magavana wakipiga marufuku na mahakama ikisimamisha. Kule Imarati miraa ni dawa ya kulevya na mtu hufungwa.

La mwisho. Siku ya kupanda mtaitwa kwenye zoezi la dharura. Wengine hulikwepa wakienda kutafuta chakula. Costa Concordia ilipopasuka Italia tarehe 13 Januari 2012, mamia waliokuwa wamepanda jioni ile walikuwa bado hawajafanyishwa zoezi, na watu 32 wakafa. Mimi nilikuwa Mombasa Aprili 1994 feri ilipozama Mtongwe na watu 272 wakaangamia, umbali mfupi tu na nchi kavu. Mshike mama mkono, muende naye mpaka kwenye kituo chenu, avae koti la kuokolea mwenyewe na afunge mikanda kwa vidole vyake. Kisha mrudi chumbani mkitembea kwa ngazi, msitumie lifti, ili aijue njia.

Ukipata ratiba kamili, yenye saa za kila bandari, nitumie kwenye simu ya mama yako kabla hujalipa arubuni. Nitaipitia na kukupigia. Jumatatu tunaanza na cheti cha kuzaliwa. Msalimie mumeo na watoto.

Ni mimi mjomba wako