Yuniti 14 au yuniti 9? Kuhamisha krediti kwa macho ya mprogramu

Leo hakuna somo la PHP wala la Linux. Nimeliweka kando kwa sababu kuna swali moja linalonifuata kila mahali, hasa kutoka kwa vijana wa huku kwetu Kitengela, Isinya na Kajiado: "Kaka, nina stashahada ya kompyuta. Nikitaka shahada, lazima nianze mwaka wa kwanza upya kama mtu ambaye hajawahi kushika kompyuta?"

Jibu fupi: si lazima. Jibu refu lina hesabu ndani yake, na hesabu yenyewe siyo ile ambayo watu wengi huifanya. Vuta kiti.

Kwanza mnijue nilikotoka. Katika KCSE nilipata C. Hapa Kenya mlango wa kawaida wa kuingia shahada ni C+, kwa hiyo mimi nilizungukia mlango wa pili, stashahada, katika chuo kimoja mjini Kajiado. Nilipomaliza nikaweka meza yangu hapa Kitengela. Naandika programu za kufuatilia karo za shule na za kuhesabu bidhaa kwenye maduka ya dawa za mifugo. Kazi ipo, namshukuru Mungu. Lakini kila tangazo la kazi nono na kila zabuni niliyoitamani ilikuwa na mstari uleule: "awe na shahada." Mstari huo haujali kama programu yako inafanya kazi.

Shida ni kwamba karo ya chuo kikuu ingetoka mfuko uleule unaomlipia mdogo wangu wa kike sekondari. Mwaka mmoja zaidi chuoni ungekuwa mwaka mmoja ambao yeye anarudishwa nyumbani kufuata karo. Ndiyo maana nilikaa chini na kuchunguza jambo hili kama ninavyochunguza hitilafu kwenye programu.

Krediti ni kitu gani hasa?

Watu hudhani krediti hupima ujuzi. Kwa kweli hupima muda. Huko Marekani, mwaka 1906, wakfu wa Carnegie ulikuwa unataka kuwalipa maprofesa pensheni, ukaweka masharti kwa vyuo vinavyotaka kunufaika. Ili masharti yapimike, masomo ya sekondari yakahesabiwa kwa saa: saa 120 darasani, yuniti moja. Vyuo vikuu navyo vikazoea kuhesabu kwa saa. Ulaya, baada ya makubaliano ya Bologna ya mwaka 1999, mwaka mmoja wa masomo huhesabiwa krediti 60, na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi.

Kwetu Kenya, vyuo vikuu vingi huhesabu yuniti moja kuwa saa kama 45 za mhadhara au kitu kinacholingana nazo. Shika hilo la "kinacholingana". Kwa kawaida saa moja ya mhadhara huhesabiwa sawa na saa tatu za maabara. Tutalirudia.

Sasa sheria. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa viwango vinavyoruhusu kuhamisha hadi asilimia 49 ya kozi za msingi kati ya programu zinazofanana za kiwango kimoja, mradi taasisi uliyotoka iwe imeidhinishwa. Maneno "kiwango kimoja" ni mazito. Mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu, uliowekwa na sheria ya mwaka 2014, unaipa stashahada kiwango cha 6 na shahada ya kwanza kiwango cha 7. Kwa hiyo anayehama kutoka shahada kwenda shahada yuko kwenye njia moja, na sisi wa stashahada tuko kwenye nyingine. Sisi kwa kawaida tunaomba kusamehewa yuniti, na chuo kikuu chenyewe ndicho huamua kwa kanuni zake. Ndiyo maana watu wawili wenye vyeti vilevile hupewa majibu tofauti wakienda vyuo tofauti.

Safari ya Kajiado

Kama krediti ni saa zilizoandikwa, basi karatasi ya matokeo peke yake haitoshi. Transkripti yangu ilisema jina la somo na gredi, basi. Haikusema tulifundishwa nini wala kwa saa ngapi. Ni kama kumpa mprogramu mwenzako faili la hifadhidata bila kumwambia kila safu ina maana gani. Data anayo, ila hawezi kuipeleka kokote.

Nikapanda matatu hadi Kajiado, kama kilomita 50 kutoka hapa, kutafuta silabasi za masomo yangu. Mama wa ofisi ya kumbukumbu alinitazama kwa huruma. "Kijana wangu, wenzako huja kuchukua cheti. Wewe unataka silabasi ya miaka ile?" Silabasi ilikuwa imebadilishwa tangu nimalize, na ya zamani ilikuwa kabatini, chini ya nyingine. Nilirudi mara mbili. Mara ya pili nilipata nakala zote, kila ukurasa umepigwa muhuri. Nikazipiga picha zote na kuziweka kwenye flashi mbili na kwenye barua pepe.

Nikapeleka maombi yenye karatasi zilezile kwa vyuo vikuu viwili. Sitavitaja. Tuviite A na B. Vyote vilikuwa na shahada ya sayansi ya kompyuta ya miaka minne, mihula 8, yuniti 48.

Majibu yalikuja. Chuo A: umesamehewa yuniti 14. Chuo B: umesamehewa yuniti 9.

Nyumbani hakukuwa na mjadala. Mama alisema, "Kumi na nne ni nyingi kuliko tisa, hata mimi ambaye sijasoma kompyuta najua." Jirani yangu wa dukani akasema vivyo hivyo. Kwa hesabu ya kawaida wana haki.

Usihesabu yuniti, fuata mnyororo

Wewe uliyewahi kuweka programu kwenye Linux unajua jambo hili. Unataka programu moja, mfumo unakuambia: subiri, hii inategemea maktaba fulani, na maktaba hiyo inategemea nyingine. Huwezi kuruka. Masomo ya chuo kikuu yamefungwa vivyo hivyo. Katika shahada niliyoomba, mnyororo mrefu kuliko yote ulikuwa huu, kila kimoja kwa muhula wake:

Uprogramu I, Uprogramu II, Miundo ya Data, Algorithimu, Uhandisi wa Programu, Mbinu za Utafiti, Mradi I, Mradi II.

Vitu nane, mihula minane. Huwezi kusoma Miundo ya Data kabla ya Uprogramu II, wala kufanya Mradi II kabla ya Mradi I.

Niliandika programu ndogo ya Python, mistari isiyofika hamsini. Inasoma orodha ya yuniti, inaondoa zilizosamehewa, halafu inapanga zilizobaki muhula kwa muhula, zisizidi yuniti 7 kwa muhula. Nikaingiza barua ya Chuo A. Yuniti 14 walizonisamehe zilikuwa stadi za mawasiliano, utangulizi wa kompyuta, uhasibu, ujasiriamali na nyingine za aina hiyo. Nzuri zote, lakini hakuna hata moja iliyokuwa kwenye mnyororo. Uprogramu I ilibaki palepale kwa sababu mimi nilisomea Visual Basic na wao wanafundisha C. Jibu la programu yangu: mihula 8.

Yaani yuniti 14 zimeondoka, na siku ya kuhitimu haijasogea hata wiki moja. Ningekuwa na mihula miepesi tu. Na Chuo A hutoza karo kwa muhula, si kwa yuniti, kwa hiyo hata shilingi hazingepungua.

Nikaingiza barua ya Chuo B. Yuniti 9 zote zilitoka mwaka wa kwanza, na ndani yake kulikuwa na Uprogramu I na Uprogramu II. Mnyororo ukabaki na vitu sita. Zimebaki yuniti 39, ambazo ni 36 za miaka mitatu ya mwisho na 3 za mwaka wa kwanza za kuchomeka katikati. Jibu: mihula 6. Mwaka mzima umeokoka.

Kwa nini B waliona Uprogramu mahali A hawakuona? Nilimuuliza mkuu wa idara. Alinifungulia silabasi yangu ya Kajiado na kuniwekea kidole kwenye safu ya saa. Somo letu la uprogramu lilikuwa na saa 60 za darasani na saa 90 za maabara. Saa 90 za maabara ni sawa na 30 za mhadhara. Sitini na thelathini ni tisini, yaani yuniti mbili za saa 45 kila moja. "Lugha utaibadilisha mwenyewe kwa mwezi mmoja," alisema. "Vitanzi, safu na faili ni vilevile." Nilimjibu, "Asante sana, Daktari," nikatoka nikijua kwamba bila ile karatasi ya kabatini asingekuwa na kitu cha kuwekea kidole.

Kwa Chuo A niliandika barua ya kuomba wapitie tena Uprogramu I. Walijibu kwamba uamuzi umesimama. Ni haki yao, kanuni ni zao.

Mambo ya kufanya kabla hujalipa hata senti

Moja, hakikisha chuo ulichotoka kinatambuliwa na mamlaka ya vyuo vya ufundi, na chuo kikuu unakokwenda kinatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Bila hilo hayo mengine ni bure.

Mbili, chukua silabasi zenye saa na mihuri mapema, ikiwezekana kabla hujaondoka chuoni. Silabasi hubadilika na makabati huhamishwa.

Tatu, usikubali jibu la mdomo. Omba barua inayotaja kila yuniti iliyosamehewa kwa jina na namba yake.

Nne, omba orodha ya masharti ya kila yuniti, yaani ipi hutangulia ipi, na ipi hufundishwa muhula gani. Yuniti inayofundishwa mara moja kwa mwaka ukiikosa, umekosa mwaka. Chora mishale kwenye karatasi. Huhitaji Python, kalamu inatosha.

Tano, uliza kama karo ni kwa muhula au kwa yuniti, na kama kuna ada ya kila yuniti inayosamehewa. Vyuo vingine hutoza.

Ukishapata majibu hayo, swali la kumuuliza msajili si "mtanisamehe yuniti ngapi?" Muulize, "Nikianza Septemba, nitahitimu muhula gani?" Akishindwa kujibu, rudi na mishale yako mjibuni pamoja.

Mimi nilichagua B. Sasa niko muhula wa tatu kati ya sita, nasoma jioni na Jumamosi, na mchana niko mezani pangu Kitengela kama kawaida. C niliijifunza kwa wiki tano. Mdogo wangu hajarudishwa nyumbani hata mara moja, na Mama bado anasema tisa ni ndogo kuliko kumi na nne.

Wiki ijayo nitaeleza ile programu ya kupanga yuniti mstari kwa mstari, ili kila mtu aweke orodha ya chuo chake mwenyewe. Tuonane hapo.