Kupiga Msasa Penye Upepo wa Dodoma

Treni ya umeme ilipotoka kwenye mahandaki ya Kilosa, miti mibichi ilipungua haraka. Tulipokaribia Gulwe, nje ya dirisha ilibaki mibuyu isiyo na majani na udongo mwekundu uliokauka. Ilikuwa Agosti. Mvua za Dodoma hukoma Aprili au Mei, na hazirudi hadi Novemba au Desemba. Mama mmoja wa Kigogo niliyekaa naye alinifundisha salamu ya "Mbukwenyi", nami niliirudia kimoyomoyo mpaka tukafika.

Mimi ni seremala wa Tanga. Nimejifunza kupiga msasa kwa mkono, karatasi ikiwa imezungushwa kwenye kipande cha mbao, na kwetu unyevu wa bahari hulifanya vumbi litue chini. Fundi wangu alinituma kwa rafiki yake mwenye karakana upande wa Kizota, Dodoma, nikajifunze mashine. Kazi huko ni nyingi. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, watumishi wamekuja na familia zao, na kila nyumba inataka vitanda, makabati na meza.

Karakanani niliwaamkia "Mbukwenyi", vijana wakashangilia. Mzee mwenye karakana alinipa uso wa meza ya mninga na mashine ya msasa ya mviringo.

"Usiikandamize, mwanangu. Uzito wake wenyewe unatosha. Ukiikandamiza unaunguza mota, na mbao inabaki na mikwaruzo ya duara ambayo vanishi itaitangaza."

Tulianza na msasa namba 80, tukaenda 120, kisha 180, tukamalizia 240. Hakuniruhusu kuruka hata namba moja. Kila nilipobadili karatasi, alitaka plagi itoke kwenye soketi. Kuzima swichi hakukumtosha, maana swichi iliyojaa vumbi huweza kunasa ikiwa imewashwa. Waya nilipaswa kuupitisha begani, uwe nyuma yangu daima. Na mashine haiwekwi chini mpaka isimame kabisa.

Lakini somo kubwa la karakana ile ni vumbi. Upepo wa Dodoma miezi hiyo huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki. Kwa hiyo Mzee ameiweka meza ya msasa pembe ya magharibi, vumbi liende mbali na watu, na mama lishe anayewapikia amehamishiwa upande wa pili. Mtu anaweza kuona ni jambo dogo. Mimi naona ndiyo akili yote ya karakana ile, kwa sababu katika hewa kavu namna hii vumbi laini halitui. Huelea, nawe unalivuta bila kuliona. La mninga huwasha pua, na kuna wanaopata pumu kwa sababu yake. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya pua. Kitambaa kilichofungwa usoni hakilizuii. Inatakiwa barakoa ya N95 au FFP2 inayobana vizuri, na miwani ya kazi. Jioni vijana wa Mzee hawajipulizii nguo kwa kompresa; hujifuta kwa kitambaa kibichi, na sakafu hunyunyiziwa maji kabla ya kufagiwa.

Vumbi hilohilo huua hata mashine. Kila jioni tulisafisha matundu ya hewa kwa brashi kavu, tukakagua waya kama umechubuka, na kusikiliza beringi kama zinalia. Mota ikitoa cheche nyingi kuliko kawaida, mara nyingi kaboni zake zimekwisha, na hubadilishwa zote mbili pamoja. Mfuko wa vumbi wa mashine humwagwa nje, haulali umejaa. Msasa ukigusa msumari uliofichika, cheche moja ikaingia mfukoni, moto huweza kufukuta humo saa nyingi na kuwaka watu wakiwa wamelala.

Karakana nyingine niliyopita, vijana walikuwa wakipiga msasa kwa grenda iliyotolewa kinga. Grenda ndogo huzunguka hadi mara 11,000 kwa dakika. Hawakuwa na miwani wala barakoa, na mmoja wao alikuwa bado mtoto. Jambo lile liliniuma sana. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi wake vifaa vya kujikinga. Vijana wale hawapaswi kuviomba kama hisani.

Ndugu yangu mwenye karakana, iwe Dodoma, Singida au kwetu Tanga, kabla hujanunua mashine ya pili, wanunulie vijana wako barakoa. Nawe unayekwenda kuagiza kitanda cha mninga, mwangalie usoni anayekipiga msasa. Ukimkuta hana barakoa, mwulize mwenye karakana sababu kabla hujatoa malipo ya awali.